Kaa hili, k'aa huyu: shajara ya kadi za maneno pacha, Kibokoni

11 Januari

Tumeanza. Watoto 11, baraza moja hapa Kibokoni, mtaa wa Mji wa Kale, Mombasa, mkeka mmoja na boksi la viatu lenye kadi 24. Wana miaka mitano hadi saba: wachache wa PP2 (mwaka wa mwisho wa chekechea), waliobaki Gredi ya 1 na ya 2. Nimejipa hadi mwisho wa Machi. Ninachotaka ni kidogo tu: mtoto akisikia neno kama paa au mbuzi, ajue linaweza kuwa na maana zaidi ya moja, asubiri sentensi iishe, kisha achague kadi inayofaa.

Shuleni maneno haya tunayaita vitawe. Kwa watoto nimeyaita maneno pacha, maana "kitawe" kwa mtoto wa miaka mitano ni neno jingine tu la kukariri, nalo halimfai jikoni wala njiani.

Mradi ulizaliwa na swali moja la mwaka jana. Nilikuwa nawasomea hadithi watoto wa chekechea, nikafika mahali mama "ameketi juu ya mbuzi, anakuna nazi." Mvulana mmoja, ambaye wazazi wake wamehamia hapa juzijuzi kutoka bara, akainua mkono: "Mwalimu, na mbuzi halii?" Darasa zima likaangua kicheko. Yeye hakucheka. Kwao nazi hununuliwa imeshakunwa kwa mashine ya sokoni, kwa hiyo swali lake lilikuwa la haki kabisa.

Kadi zimechorwa na kijana anayechora matatu huko Mwembe Tayari. Mkono anao, ila mazoea yana nguvu: mbuzi wa kwanza alimvalisha miwani ya jua na mkufu wa dhahabu. Nimemwacha vivyo hivyo. Watoto wanampenda kuliko kadi zote.

Leo tulifanya ndege na ndege tu, wa mbawa na ya Uwanja wa Moi, nikaona inatosha.

18 Januari

Leo niliweka kadi kando nikaleta kitu chenyewe. Bibi mwenye baraza (nitamwita Bibi tu humu, naye amekubali kwa sharti kwamba nisimwandike umri) alitutolea mbuzi yake, ya mbao, ya kukunja, ulimi wake wa chuma umelika hadi meno yamebaki nusu. Kila mtoto aliketi akakuna mara tatu. Nazi mbili zilikwisha hivyo, nyingi yake mdomoni.

Baada ya kukuna hakuna aliyehitaji maelezo. Mbuzi ya nazi ina miguu, ina mgongo wa kukalia, na imenyoosha shingo mbele. Mtoto mmoja alisema imeinama kama inataka kunywa maji. Kuna pacha waliozaliwa kwa kufananishwa, kifaa kikapewa jina la mnyama, na mtoto akishauona ule mfanano hasahau tena. Ndege na ndege ni mambo hayo hayo.

Kilichonisumbua ni ngeli. Vitabu vinasema sentensi itakuonyesha: mbuzi huyu analia, mbuzi hii haina makali. Ni kweli kwa mtoto anayesikia hivyo nyumbani. Lakini nusu ya watoto wangu husema "hii mbuzi" kwa vyote viwili, na "hii mtoto" pia, ndicho Kiswahili cha uwanjani na cha ndani ya matatu. Kwao "huyu" na "hii" hazifumbui kitu. Sikuwasahihisha. Nilihamia kwenye kitenzi: inakuna, analia, anakula majani, imepotea jino. Kitenzi kilifanya kazi kwa wote 11.

Matumizi: nazi 2, manila 3, na pesa za kutia kadi plastiki kwenye duka la fotokopi. Bila plastiki kadi hazifiki mwezi. Joto hili la kaskazi na unyevu wa bahari vimeshazikunja pembe kama ng'onda.

25 Januari

Kadi za kaa. Ziko tatu: kaa la moto, kaa wa pwani, na mtoto aliyekaa kitini. Mchezo ni kwamba natamka neno, mtoto anakusanya kadi zote za neno lile.

Msichana mmoja wa miaka sita, wa nyumba ya nyuma ya msikiti, mpole, hapendi kusukumana. Nikasema "kaa". Akaniletea mbili: kaa la moto na mtoto wa kitini. Kaa wa pwani akambakisha mkekani. Nikamwambia, umemsahau mmoja. Akatikisa kichwa. "Huyo siye." Nikatamka tena, polepole. Akaniletea mbili zile zile. Mara ya tatu nikamchukua kaa wa pwani mwenyewe, nikamweka juu ya zile mbili, nikasema mbele ya wenzake, "Ona, hizi zote ni kaa." Akanyamaza. Hakucheza tena hadi tulipomaliza.

Kwenye daftari la mahudhurio niliandika maneno haya, nayanakili kama yalivyo: "Huenda ana shida ya kusikia. Kuzungumza na mzazi."

1 Februari

Sikuzungumza na mzazi, kwa sababu Bibi alizungumza nami kwanza.

Yeye hukaa ndani, nyuma ya pazia la mlango, na hakuna kinachompita. Leo watoto walipokwisha kuondoka akaniita. "Ndoo, mwanangu, keti." Akanimiminia kahawa. Kisha akasema, "Yule mtoto wiki ile ulimuonea."

Nikamweleza mchezo, sheria zake, na kwamba yeye alikuwa akiacha kadi moja kila mara. Akanyoosha mkono. "Zilete." Nikampa zile tatu. Akaweka kaa la moto na mtoto wa kitini upande mmoja, na kaa wa pwani upande wa pili. Sawasawa na msichana.

"Hili ni kaa. Na huyu ni k'aa. Wasikia?"

Sikusikia. Akarudia, na bado sikusikia. Nikamwambia kwa heshima zote, Bibi, mimi naona ni mamoja. Akanitazama kama unavyotazama sahani nzuri iliyoingia ufa, akaushika mkono wangu, akaweka kiganja changu mbele ya mdomo wake. Kaa: hakuna kitu. K'aa: upepo mdogo, wa vuguvugu, ukanigonga kiganjani.

Kuanzia hapa nitaiandika ile pumzi kwa ritifaa, kama hivyo nilivyofanya.

Mimi nimekulia Changamwe, wazazi wangu ni watu wa Taita. Kiswahili changu ni cha shule na cha majirani, na sikidharau, nimekifundisha miaka tisa. Lakini kwa miaka yote hiyo tisa nimekuwa nikiwaambia watoto wa Mji wa Kale kwamba maneno ambayo masikioni mwao ni mawili, ni neno moja. Na mtoto akikataa, namwandikia shida ya kusikia.

Ule mstari wa tarehe 25 nimeukata kwa kalamu. Sikuurarua ukurasa.

5 Februari

Hakuna darasa leo. Naandika niliyoyakusanya wiki hii kabla hayajanitoka.

Kimvita, yaani Kiswahili cha Mombasa, kina p, t, k na ch kavu, na kina nyingine zinazotoka na pumzi. Paa la nyumba ni kavu, p'aa wa porini ana pumzi. Tembo la mgema ni kavu, t'embo mwenye mkonga ana pumzi. Chungu cha kupikia ni kikavu, ch'ungu wanaopanda kwenye sukari wana pumzi. (Kimvita kina t ya meno na t ya ufizi pia, zikiwa mbali mbali. Hizo mwaka huu sitazigusa, nisije nikazama na boksi langu.)

Pumzi hii imetoka kwenye n iliyopotea. Nomino za ngeli ya k'aa, p'aa na t'embo zamani zilikuwa na n mbele. Ilipokutana na b, d au g, n ile ilibaki, na hadi leo tunaiona: mbuzi, ndege, ngoma. Ilipokutana na p, t, k au ch, iliondoka ikaacha pumzi peke yake, kama mtu aliyetoka chumbani akaacha harufu ya udi. Ndiyo maana ubao ukiwa mwingi ni mbao, n imegeuka m lakini ipo. Ukuta ukiwa mwingi ni kuta, n haipo. Mwambie Bibi atamke "kuta" na uweke kiganja.

Na kaa la moto? Hilo ni la ngeli nyingine, kaa na makaa, kama paa na mapaa. Huko hakukuwa na n, kwa hiyo hakuna pumzi ya kurithi.

Kwa nini nimepita chuo cha ualimu bila kulikuta jambo hili? Mkutano wa 1928 ulioamua ni lahaja gani isanifishwe ulifanyika hapa hapa Mombasa, na kilichochaguliwa ni Kiunguja. Tahajia tuliyorithi haiweki alama ya pumzi. Mmisionari Mwingereza William Taylor, aliyeishi Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, alikuwa akiiwekea alama katika maandishi yake, lakini alama zake hazikuingia kwenye tahajia sanifu. Wala siwalaumu. Wasemaji wengi wa Kiswahili hawana tofauti hii, na mtoto ana vya kutosha vya kukumbuka anapoandika. Kosa ni langu la kudhani kuwa vinavyoandikwa sawa lazima visikike sawa, tena katika mji ambao bibi zake wako hai na wanaongea.

8 Februari

Kabla ya yote nilimwita yule msichana mbele, nikawaambia wenzake kwamba wiki ile ya kaa yeye alikuwa sawa na mimi nilikosea. Nilitarajia atabasamu. Aliuliza tu kama kadi ya k'aa sasa inaweza kukaa peke yake. Nikamwambia ndiyo. Akaitoa kwenye fungu mwenyewe akaiweka chini ya paja lake, na huko ilibaki saa nzima.

Kisha unyoya. Nimefunga unyoya wa kuku kwenye uzi, uzi kwenye kijiti, mtoto anashika kijiti ili unyoya uning'inie mbele ya midomo. Anasema paa. Unyoya umetulia. Anasema p'aa. Unyoya unaruka.

Niliyoyaona, kwa anayetaka kujaribu:

P ndiyo bora, kwa kuwa pumzi inatoka midomoni yenyewe. K ni ngumu, upepo unatokea nyuma ya kinywa na ukifika nje umeshatawanyika. Kwa k tumia kiganja, tena karibu. Sauti iwe ya kawaida. Mtoto akipaza sauti unyoya unaruka kwa kila neno, hata kwa "mama". Na kuna wezi: wawili waligundua kwamba ukimaliza neno ukapuliza kidogo, unyoya unaruka na wenzako wanakupigia makofi. Nililazimika kumteua mwamuzi. Nilimteua mmoja wa wale wezi.

Kati ya watoto 11, wanne unyoya wao uliruka pale pale panapostahili bila kufundishwa. Wote wanne wana bibi nyumbani. Watatu wengine waliruka leo huku, kesho kule. Waliobaki wanne unyoya haukujali wasemavyo, kama wangu.

Halafu likaja jambo ambalo sikulipanga. Tulikuwa tumeweka kadi mafungu mawili, kavu na za pumzi. Fungu la pumzi lilikuwa na k'aa, p'aa, t'embo na ch'ungu. Kavu: kaa, paa, tembo, chungu. Mvulana wa miaka mitano, ambaye hadi leo sikuwa nimemsikia akisema sentensi nzima, akayatazama, akasema, "Hawa wako hai. Wanapumua. Hivi vingine havipumui."

Nilikaa kimya kidogo. Ni kweli, kwa kadi hizo nane. Kaa la moto halipumui, paa la nyumba halipumui, chungu hakipumui. Mnyama anapumua, basi jina lake nalo linapumua. Mimi nilihitaji n iliyopotea karne kadhaa nyuma kueleza alichokieleza yeye kwa kutazama mkeka.

Nilijua nadharia yake itavunjika. Sikuivunja leo.

15 Februari

Imevunjika, na si kwa mkono wangu. Msichana wa k'aa alikuja na neno la kwao: kuta. "Bibi amesema kuta zina pumzi." Tukajaribu, na k ni ngumu kama nilivyosema, lakini kiganja kilikubali. K'uta za nyumba zina pumzi. Kuta, yaani nenda ukamkute mtu, haina.

Wote wakamgeukia mvulana. Kuta ziko hai? Akafikiri. Akaenda kwenye ukuta wa baraza, akaupapasa. Nyumba hizi ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na siku za joto zenye unyevu kama hizi ukuta hutoka jasho. Ukiugusa mkono unarudi na majimaji na chumvi. Akatuonyesha kiganja. "Zinatoka jasho," akasema. "Kitu kikitoka jasho kinapumua."

Basi nadharia imeongezewa kipengele. Nimemwachia kwa sasa. Nimempa pia kadi ya mbuzi aende nayo nyumbani, yule wa miwani, ambaye yuko hai kabisa na unyoya wake haujawahi kuruka. Ataniambia wiki ijayo.

Jingine la leo, dogo. Mtoto wa Kibokoni alimwita mwenzake wa Kisauni: "Ndoo!" Mwenzake akaenda uani akarudi na ndoo ya maji. Ya kwanza ni "njoo" ya Kimvita, ya pili ni ya kutekea. Walicheka hadi wakalala mkekani. Nimempelekea mchoraji: mtu anaita kwa mkono, mwingine anakuja na ndoo kichwani.

22 Februari

Asubuhi tulikwenda soko la samaki karibu na Bandari ya Kale, watoto tisa, watu wazima watatu, kamba moja ya kushikana. Nilitaka wamwone mtu akipaa samaki, kwa kuwa paa ya kuondoa magamba ndiyo niliyokosa kuichora vizuri. Mpaa samaki mmoja alikuwa na changu mkononi, magamba yakiruka kama cheche, na mvulana mmoja aliyajaza mfukoni hadi mama yake alipoyakuta jioni. Ujumbe aliouandika mama mtu siuweki humu.

Njiani kurudi walitunga wenyewe: "P'aa amepaa juu ya paa akapaa samaki." Wanne wenye pumzi waliisema na pumzi moja tu, mwanzoni, pale inapotakiwa. Nilikuwa nahesabu.

Taa wa baharini tulimwona pia, ametandazwa sakafuni. Kadi yake nimeiondoa kwenye boksi: mchoraji alimchora vibaya, na wote 11 walikuwa wakisema ni tiara.

Mchana, lawama. Mzazi mmoja hakupenda kadi ya tembo la mgema. Mtoto wake alifika nyumbani akiuliza tembo ni nini, akajibiwa ni mnyama, akasema "Hapana, lile kavu." Nimeelewa. Nyumba ile pombe haitajwi, na mimi sikuuliza kabla ya kutuma kadi. Kadi imetolewa. Ninaikumbuka kwa sababu ya picha moja: nilipowatajia methali ya mgema anayesifiwa akalitia tembo maji, mtoto wa Gredi ya 2 alichora mtu amesimama ufuoni, anamsukuma mnyama mkubwa mwenye mkonga kuingia baharini, na watu pembeni wanampigia makofi. Nyumbani kwake mnyama yule ni ndovu, lakini shuleni amefunzwa tembo, na alichora alichofunzwa. Nimeibandika ndani ya kifuniko cha boksi.

Mvulana na mbuzi: hajaja leo.

1 Machi

Leo tuligeuza meza. Vitate: maneno yanayokaribiana, si pacha, labda binamu. Thamani, samani, zamani. Ghali, gari. Kura, kula. Fahali, fahari.

Waliojivunia unyoya wao wote mwezi huu walifikiri leo pia ni siku yao, na kwa th, dh na gh ilikuwa kweli. Nyumba zenye madrasa hazikosei dh. Lakini kwa l na r kulikuwa na mvulana wa kwao bara, yule yule wa "mbuzi halii?", ambaye nilimwandaa kama mtoto wa kusaidiwa. Hakukosea hata moja. Mama yake, kumbe, ni Mluhya aliyeolewa na Mkikuyu, na nyumbani wanataniana kila siku kuhusu r na l, mtu akisema "kura chakura" hatoki salama. Amelelewa ndani ya mzaha huo. Sikio lake kwa herufi hizi mbili ni kali kuliko la mtu yeyote barazani, nikiwemo mimi.

Tulicheza duka. Muuzaji ana samani za boksi za kiberiti, mnunuzi anauliza thamani, muuzaji anasema ni za zamani. Ukichanganya unarudi mwisho wa foleni. Aliyerudi mara nyingi zaidi ni mwalimu, kwa makusudi mara mbili, bila makusudi mara moja.

Mvulana na mbuzi amerudi. Jibu lake: mbuzi anapumua kwa pua, si kwa mdomo. Nikamwambia aseme "mbuzi" polepole sana, akiwa amebana pua kwa vidole viwili. Akakwama kwenye m. Akaachia pua, ikatoka. Akanitazama. Mimi nikamtazama. N iliyobaki ikawa m, na m hupita puani. Alikuwa amesema kweli.

15 Machi

Ramadhani imeingia, tumehamisha kikao baada ya alasiri na kukifupisha. Hakuna nazi, hakuna soko. Wakubwa wamefunga, wadogo wanajifanya wamefunga.

Kazi ya wiki hizi mbili ni kurekodi sauti. Bibi anatamka, simu yangu iko juu ya mto, watoto wamekatazwa kukohoa. Maneno 18, kila moja mara tatu. Somo la kwanza: p yenye pumzi ikigonga simu moja kwa moja inasikika kama mlango uliofungwa na upepo. Simu iwekwe kando ya mdomo, si mbele. Somo la pili: Bibi akijua anarekodiwa, anatamka kama mtangazaji wa redio na pumzi inapungua. Ilibidi nimwombe anisimulie jinsi ya kupika k'aa, ndipo neno likatoka lenyewe, mara saba, likiwa limekamilika.

Tumepata rekodi 15 nzuri. Moja ina adhana nyuma. Hiyo siifuti.

Uamuzi niliokuwa nauzungusha tangu Februari nimeufikia: kadi zitakuwa na rangi mbili pembeni. Nyekundu kwa pacha kila mahali, kama mbuzi na ndege. Buluu kwa pacha wa karatasi, wanaoandikwa sawa na barazani hapa si sawa. Mtoto asiye na pumzi hatasahihishwa. Mtihani wake ni wa maandishi, na pale k'aa na kaa ni herufi zile zile. Mtoto mwenye pumzi naye hatasahihishwa. Atakayewapokea shuleni mwaka ujao nimeshamwandikia barua ya ukurasa mmoja, na unyoya umebandikwa juu.

29 Machi

Kikao cha mwisho kabla ya Idi. Kumi wamekuja, mmoja amesafiri na wazazi wake.

Zoezi: nasoma sentensi 12, mtoto anainua kadi. "Mvuvi alimfunga k'aa magando kwa uzi." "Usiguse kaa, litakuunguza." "Shangazi hana mbuzi, anakuna kwa kijiko." Saba walipata 10 au zaidi. Wawili walipata 9. Mmoja alipata 6 na alikuwa amelala nusu ya muda, daku imemchosha. Mwezi Januari, kwa sentensi hizo hizo, aliyefanya vizuri zaidi alikuwa na 7.

Kinachobaki kwenye boksi: kadi 31, rekodi 15, kijiti kimoja, unyoya wa nne (watatu wa kwanza wameliwa na paka). Mchoraji anadai kadi mbili. Ndoo na ndoo bado hajaileta, anasema yule mwenye ndoo kichwani anataka kumtilia raba.

Walipokuwa wakikunja mkeka, msichana wa k'aa aliniambia nikae na nifumbe macho, sasa zamu yangu. Akasimama nyuma yangu nisihisi upepo, akatamka maneno kumi, moja baada ya jingine, kavu na yenye pumzi bila mpangilio. Mimi nilikuwa nijibu "motoni" au "pwani", "juu" au "porini". Bibi alitoka nyuma ya pazia kusikiliza.

Nilipata sita. Ameniandikia 6/10 kwenye daftari hili, kwa kalamu yangu nyekundu, na chini yake: "Tutarudia Jumamosi."